Usiku Ambao Wasemaji Hawalali

Miongoni mwa maneno yanayosomeka kwenye leso, yaani kanga, kama zile zinazoning'inia madukani Biashara Street hapa Nairobi, kuna haya: "Mtasema mchana, usiku mtalala." Mwanamke aliyesengenywa alijifunga leso hiyo akapita mlangoni kwa jirani, bila kumtaja mtu wala kusimama. Nguvu ya jibu lake ilikuwa katika jambo moja alilolijua: anayemsema ni binadamu, atachoka, jua litakuchwa, ataenda kupika na kulala. Naye aliyesemwa angepata saa zake za kupumua.

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo akilini tangu Machi kwa sababu ya msanii mmoja, binti kijana anayeishi mtaa wa Umoja. Simtaji jina, ameniomba hivyo, na jina lake limeshatajwa vya kutosha. Wimbo wake ulikuwa umeanza kushika, hata matatu za Buruburu zikiupiga, kisha kikasambaa kipande cha video cha shoo moja ambapo sauti ilimkatika katikati ya kibwagizo. Sekunde kumi na moja tu. Alikuja kwangu Jumapili alasiri, hakuvua hata koti, akaiweka simu mezani. Maoni yalikuwa yamepita elfu moja, na alikuwa ameyasoma yote.

"Hebu nitajie maoni matatu mazuri," nikamwambia.

Akafikiri. Akataja moja, nusunusu. Nilipomuuliza mabaya, aliyakariri kama shairi la shule, pamoja na makosa ya tahajia na saa yalipoandikwa. Moja lilisema: "Huyu angebaki redioni tusimwone." Liliandikwa saa nane na dakika kumi na mbili usiku.

"Kwani huyu mtu halali, anti?" akaniuliza.

Swali lake nimelibeba hadi leo. Wengi wanaozungumzia umaarufu na lawama huanzia kwenye ukali wa maneno, lakini maneno makali tulikuwa nayo tangu zamani. Taarabu imejaa mafumbo yanayokata kuliko kisu. Kilichobadilika ni saa. Mtu wa saa nane usiku anapolala, mwingine anaamka, na mwingine yuko ng'ambo ambako ndiyo kwanza ni jioni. Video ya Machi inaibuliwa Juni na mtu ambaye kwake ni mpya, na lawama zinaanza upya kana kwamba sauti imekatika leo asubuhi. Mwenye jina hapati ule usiku ambao leso ilimwahidi.

Na akili yetu haikuumbwa kwa mzigo wa namna hiyo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi za nyanja mbalimbali wakafikia hoja moja: baya lina nguvu kuliko zuri. Lawama huingia ndani zaidi kuliko sifa na hukawia zaidi kutoka. Ndiyo maana ushauri wa "tazama wanaokupenda, ni wengi kuliko hao" haumsaidii mtu. Binti yule alijua vizuri sana kwamba waliompenda ni wengi. Kichwa chake hakikuwa kikihesabu kura.

Yule wa saa nane, nina hakika, akikutana naye kwenye steji ya matatu atamsalimu kwa heshima, pengine aombe picha. Mwaka 2004 John Suler, naye mwanasaikolojia, alieleza kwa nini watu hulegeza breki wakiwa mtandaoni: hawaonekani, hawamtazami mtu usoni, na wanaweza kurusha neno kisha wakaondoka kabla halijatua. Naongezea moja la hapa kwetu. Nairobi ni mji wa watu wenye maneno, tunajivunia hivyo, na mtu akitupa neno kali lenye kuchekesha anapewa likes kama anayepewa tuzo. Anayelengwa anageuka kuwa uwanja wa watu kuonyeshana ufundi. Aliyeandika habari ya redio huenda hata hakumchukia.

Watakuwepo wa kusema huyo ni mtoto, bado hajakomaa. Basi tumtazame Eliud Kipchoge, mtu aliyeshinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, aliyekimbia kilomita 42 chini ya saa mbili pale Vienna mwaka 2019, na ambaye dunia nzima humtolea mfano kwa utulivu wa akili. Mkimbiaji mwenzake Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameivunja rekodi ya dunia ya Kipchoge pale Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2, sekunde 35, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 11 Februari 2024 pamoja na kocha wake. Kabla msiba haujapoa, watu wakaanza kumhusisha Kipchoge na kifo hicho mitandaoni. Hapakuwa na ushahidi wowote, hata chembe.

Mwezi Mei mwaka huo aliieleza BBC alichopitia. Alitishiwa kuchomewa nyumba na kambi. Wanawe waliozoea kuendesha baiskeli walizuiwa, wakawa wanapelekwa shule na kurudishwa kwa gari. Alisema alipoteza takriban asilimia 90 ya marafiki zake, na kwamba yalimuuma maneno yaliyotoka hata kwa watu aliofanya nao mazoezi. Alikwenda Tokyo kushindana mapema Machi akiwa na siku tatu za kutolala, akamaliza wa 10. Na alipoulizwa wakati mgumu kuliko yote, alitaja siku alipompigia mama yake simu kijijini. Mama akamwambia ajitunze, kwamba mengi yanaendelea. Hapo ndipo alipojua kwamba maneno yamefika hadi kule.

Kila ninapomsikia mtu akimwambia msanii "puuza tu, ngozi itakuwa ngumu", namkumbuka Kipchoge na zile siku tatu. Kama ngozi ingekuwa jibu, yake ingetosha.

Hata mimi yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kwenye kituo kimoja cha redio hapa mjini. Asubuhi moja nilitangaza kwamba mwanamuziki fulani mkongwe ameaga dunia. Nilikuwa nimeletewa ujumbe kwenye simu, nikauamini, sikumpigia mtu. Mzee alikuwa hai, nyumbani kwake, anakunywa chai, na binti yake alinisikia akiwa kwenye matatu akielekea kazini. Kosa lilikuwa langu na halikuwa na kisingizio. Kufikia saa nne watu walikuwa wananiita mzembe, na walikuwa sahihi. Kufikia saa saba walikuwa wamefika kwenye meno yangu, kwenye ndoa yangu iliyovunjika, na kwa mama yangu. Wakubwa kazini waliniambia ninyamaze, itapita, na kesho saa kumi na moja alfajiri niwe hewani kama kawaida. Saa mbili usiku mama akapiga simu kuniuliza kama nimekula. Hakutaja lolote. Nilijua amesikia kwa sababu mama hunipigia Jumapili tu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Donholm usiku huohuo. Ni mwalimu wa shule ya msingi.

"Lete simu."

"Dada, watu wa kazi watanitafuta."

"Watanipata mimi. Lete."

Alikaa nayo siku nne. Kila jioni, akimaliza kusahihisha kazi za watoto, alifungua ujumbe wangu na kuchukua daftari la kurasa 32, akapiga mstari katikati ya ukurasa kwa kalamu ileile nyekundu. Upande wa kushoto aliandika kila lililohusu nilichofanya. Upande wa kulia hakuandika neno hata moja. Alichora vijistari tu, vitano vitano, kama anayehesabu magunia. Siku ya tano akanipa daftari. Vijistari vilikuwa vimejaza kurasa tatu na nusu. Upande wa maneno ulikuwa na mistari saba.

Mstari wa kwanza ulisema sikumpigia simu mtu wa familia. Wa nne ulisema nimeomba radhi kwa wasikilizaji lakini sijaenda kwa mzee mwenyewe. Nilikaa na mstari huo wa nne usiku kucha. Jumamosi nikaenda kwa mzee, Kariobangi South, na kilo mbili za sukari na majani chai. Alinikaribisha ndani, akamwita binti yake aje asikie nikiomba msamaha, kisha akasema aliyezuliwa kifo huishi miaka mingi.

Nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu daftari lile limenifunza kuliko semina yoyote niliyohudhuria. Kwanza, aliyeumizwa hawezi kujichambulia mwenyewe. Ukiwa ndani ya moto, mistari saba ya haki na mamia ya matusi vina uzito mmoja. Unaviamini vyote, au unavitupa vyote. Anayeviamini vyote anazama. Anayevitupa vyote anaanza kumwita kila anayemkosoa hasidi, na huyo amepotea kwa namna nyingine ambayo mashabiki wake watachelewa kuigundua.

Na hapa nawalaumu wenzangu wenye majina. Kuna lawama ambazo ni deni. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, waliwauliza wasanii walioimba habari za mtaa miaka yote: mko wapi? Swali lile lilikuwa na haki yake. Vivyo hivyo kwa waliopokea pesa kuwatangazia vijana kamari, hadi mwongozo wa serikali wa mwaka 2025 ukawapiga marufuku watu mashuhuri kuitangaza. Aliyepoteza karo kwenye kubashiri ana haki ya kukuuliza, na anaweza kukuuliza kwa hasira. Nchi hii ililipa gharama kubwa ili watu waweze kuwasema wakubwa hadharani, na sitaki kuona huzuni ya mwenye jina ikigeuzwa ukuta wa kujifichia. Lakini yule binti wa Umoja hakumtapeli mtu. Sauti ilimkatika.

Kitu kingine ambacho mashabiki hawakioni ni nani anayefaidika. Siku ile video iliposambaa, meneja wake alimwandikia kwa furaha: namba zimepanda, usifute, acha iwake. Mtandao unauza matangazo juu ya hasira zilezile. Blogu za udaku zinapata wasomaji. Kwenye mnyororo wote huo, mwenye sauti iliyokatika ndiye peke yake anayelala macho, na ndiye anayeambiwa kwamba hayo ndiyo maisha aliyoyachagua. Aliyachagua kweli? Alichagua kuimba.

Tena umaarufu wa Nairobi mara nyingi hauna ukuta wala lango. Nyota wa nchi tajiri ana walinzi na gari lenye vioo vyeusi. Wa kwetu anasubiri matatu Tom Mboya Street, kondakta anamtambua na kupaza sauti, "Celeb, leo umepanda mat?" na simu tatu zinainuliwa kumpiga picha. Kufikia jioni picha hizo zina maneno: amesota. Hivyo anakopa ili apande teksi, anakopa ili avae, analipia sura ya mtu mwenye pesa kutoka mfuko usio na kitu. Mwaka 2021 mwigizaji wa televisheni Omosh alijitokeza mbele ya kamera kueleza jinsi maisha yalivyombana, na Wakenya wakachanga kwa moyo mkunjufu. Aliporudi baadaye kusema bado hali si nzuri, wengi walimgeuka, akawa kichekesho. Ukarimu wetu ulikuwa wa kweli; kejeli nayo ilikuwa ya kweli, na haikukawia.

Kuna neno moja ningependa tulishughulikie sisi tunaoandika: kiki, yaani vituko vya kujitafutia umaarufu. Msanii akisema hana usingizi, ni kiki. Akisema anataka kuacha kila kitu, anatafuta kiki kwa sababu ana wimbo unatoka Ijumaa. Najua kwamba wapo waliowahi kudanganya, na hao wamewafanyia wenzao dhuluma kubwa. Lakini fikiria mtu anayeweka neno "nimechoka" mtandaoni saa tisa usiku, akapata majibu mia nne ya vicheko. Amegundua kwamba mlango aliodhani ni wa dharura umechorwa tu ukutani. Hatabisha hodi tena.

Mambo haya yamekuwa mazito nchini kwa muda mrefu. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba matatizo ya afya ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Hadi Januari 2025, pale Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mtu aliyejaribu kujiua na akanusurika alikuwa mshtakiwa mbele ya sheria. Na jina Mathari bado linatumika mjini kama tusi, "wewe ni wa Mathari", ilhali ni hospitali ya magonjwa ya akili ambayo imetibu watu kwa zaidi ya miaka mia moja pale Thika Road. Mwenye jina akionekana langoni pake, picha yake itamtangulia nyumbani. Basi haendi. Kikao na mshauri wa binafsi kinaweza kula elfu kadhaa, naye amekopa hata viatu vya shoo. Iko namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ambayo mtu hupiga bila malipo akapata wa kumsikiliza, na hakuna anayehitaji kumwona akiingia popote. Nimempa yule binti namba hiyo. Alipiga mara mbili, kisha akaanza kuonana na mshauri kanisani kwao, mama mtu mzima ambaye hana habari na nyimbo zake.

Sheria ipo pia. Kifungu cha 27 cha sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 kilimwekea anayewanyanyasa wengine mtandaoni faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Pamoja na hayo, sheria hiyo imepingwa mahakamani tangu ilipotoka, kwa hofu kwamba itatumiwa kuwanyamazisha wanaoikosoa serikali, nami naielewa hofu hiyo. Kwa anayetishiwa kuchomewa nyumba, polisi ni lazima. Kwa aliyeambiwa abaki redioni, mahakama haina dawa.

Mwaka 2009 watafiti Donna Rockwell na David Giles walichapisha mahojiano na Wamarekani 15 mashuhuri kuhusu maisha ndani ya umaarufu. Walieleza jinsi mtu anavyogawanyika: yuko yule anayemilikiwa na umma, na yuko mwingine anayebakishwa kwa ajili ya wachache. Nilipomsomea binti yule sehemu hiyo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Akasema kwao Murang'a hakuna anayemwita kwa jina la jukwaani. Nyanyake hulitamka vibaya, na kaka zake wanamwita kwa jina la utoto linalomaanisha mkaidi. Nikamuuliza mara ya mwisho alipokwenda ni lini. Ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi.

Alikwenda. Alikaa wiki moja akichuma chai na shangazi zake, na aliporudi sauti yake ilikuwa na mafua lakini uso ulikuwa umefunguka. Hakuacha mitandao, kwani ndiko mkate wake uliko, na sikumshauri aache. Alimwachia binamu yake, mwanafunzi wa chuo, kazi ya kusoma maoni kwa malipo kidogo, na akamnunulia daftari. Mistari ya upande wa kushoto ilikuwa miwili: akaze pumzi kabla ya kibwagizo, na asiimbe shoo mbili usiku mmoja. Mwalimu wake wa sauti alimwambia maneno yayo hayo.

Wiki iliyopita nilimtembelea Umoja. Saa mbili na nusu alizima data, akaiweka simu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akaufunika kifuniko, akaurudisha kwenye rafu juu ya jiko. Bado ilikuwa na uwezo wa kupokea simu za kawaida, kwa ajili ya mama yake. Tulikuwa tunaongea habari za bei ya gesi ilipotetemeka mara moja ndani ya bati, ujumbe mfupi tu, wa kampuni ya simu pengine. Aliangalia mkebe. Kisha akageuka, akachukua kisu, akaendelea kukata sukuma wiki.